Uwanja wa Mitopetope na Kura Moja Iliyobaki

Asubuhi hiyo Fathiya alikuwa amepiga magoti kwenye korido ya ghorofa ya tatu, anapaka alama maboksi ya shangazi yake. Kazi yenyewe haina ugumu. Unaweka kadi iliyotobolewa herufi, unachovya brashi kwenye rangi nyeusi, unapiga mara mbili, unatoa. CH DAR. Boksi jingine. CH DAR. Kila mfanyabiashara Guangzhou alikuwa na alama yake, na wapakiaji wa Kichina hawakujua jina la mtu wala sura yake. Walijua alama tu. Hata Fathiya mwenyewe, baada ya miezi minane pale, alishaanza kuwajua watu kwa alama zao kuliko kwa majina.

Alipomaliza boksi la arobaini alinawa, akavaa gauni lake la bluu, akajitanda mtandio wa manjano, akachukua bahasha kubwa ya kaki na kushuka barabara ya Huanshi Zhonglu. Rangi ilitoka mikononi, isipokuwa kwenye kidole gumba cha kushoto. Hapo iligoma.

Mchana ule mgahawa wa tambi wa Waislamu ulikuwa umefurika. Mvuke, kitunguu saumu, mpishi anapiga unga mezani pa! pa!, Wakongo wawili wanabishana Kifaransa juu ya bei ya vitenge. Fathiya alikuwa anamtafuta Pandu, mtu wa mtaani kwao, amsainishe karatasi. Pandu hakuwepo. Nafasi ilikuwa moja tu, mbele ya kijana mwenye shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, peja, kile kidude cha kupokea ujumbe wa simu, inaning'inia kiunoni.

"Kaa bwana, meza haina mwenyewe," kijana akasema.

Fathiya akakaa. Akatazama chumvi.

"Dada, umeshapiga kura?"

Akashtuka. "Nani kakwambia habari za kura?"

"Hakuna aliyeniambia! Nimeona kidole chako cheusi. Nikasema huyu katoka kituoni sasa hivi, hata wino haujakauka."

Fathiya akakificha kidole chini ya meza. Halafu, bila kutaka, akacheka, na akicheka ana kamwanya kadogo katikati ya meno ya mbele, basi yule kijana akasahau tambi zake zinapoa.

Jina lake Yasir. Mzaliwa wa Unguja, duka lake Dar, anachukua chupa za chai na vyombo.

"Na wewe kura gani unayoitafutia watu Uchina?" akauliza.

Fathiya mtu wa aibu. Ukimuuliza habari zake anajibu neno moja. Lakini habari ya uwanja ilikuwa kitu kingine, hiyo ilimtoka kama maji ya bomba.

Kwao ni mtaa wa Mitopetope, Dar. Katikati ya mtaa kuna uwanja mmoja tu uliobaki wazi. Mwenye uwanja anataka kuuza, na kuna kampuni inataka kujenga maghala. Manispaa imesema: sisi hela hatuna, lakini tunaweza kukopa, tukaununua, ukabaki wazi milele. Deni litalipwa miaka kumi, na kila nyumba itaongeza kidogo kwenye kodi yake ya jengo. Kwa hiyo lazima wenye nyumba wenyewe wakubali kwa kura. Ndiyo au hapana. Aliye nje ya nchi anajaza karatasi, anaitia kwenye bahasha ndogo, anaifunga, na shahidi anaweka saini juu. Baba yake, Mzee Ahmada, ni katibu wa kamati ya uwanja. Kamati imehesabu ikakuta wenye nyumba kumi na mmoja wako Guangzhou, wakahangaika.

"Yaani unawaomba watu waongezewe kodi," Yasir akasema. "Na wanakubali?"

"Wengine wanakubali. Wengine wananinunulia chai ili niondoke."

"Uwanja wenyewe una nini, lakini? Si vumbi tu?"

"Nyumba zetu vyumba vidogo, kaka Yasir. Mtu akifa, uwanja ndiyo sebule. Mama yangu alipofariki turubai lilisimama pale siku tatu. Wangejenga maghala, watu mia mbili wangekaa wapi? Barabarani?"

Yasir hakutania tena. Akamsogezea bakuli la pilipili, akamwita mwenye mgahawa, "Laoban! Tambi nyingine hapa, ya dada." Na alipoondoka alikuwa ameshalipa zote mbili.

*

Baada ya hapo wakawa wanakutana. Mara ngazini, mara sokoni, mara kwenye kibanda cha simu cha mama mmoja wa Kichina aliyekuwa anauza na machungwa. Yasir alimsindikiza kutafuta sahihi, yeye akiwa shahidi. Mtu akileta ubishi, Yasir anambembeleza hadi anacheka, Fathiya anatoa kalamu.

Yasir akamfundisha peja. Ya kwake ilionyesha namba tu, kwa hiyo wafanyabiashara walikuwa na lugha yao. Unapiga kituo cha peja, unataja namba ya peja, unataja ujumbe.

"Moja, nipigie. Mbili, mzigo umefika. Tatu, njoo tule," Yasir alisema kwenye simu, na Fathiya kibandani anaandika kiganjani.

"Nne?"

"Nne Wachina hawaitaki, mkosi. Ruka. Saba ni nimekukumbuka."

"Hiyo wafanyabiashara wanaitumia kwenye mzigo gani?"

"Hiyo nimeitunga jana, kipenzi."

Mama wa machungwa akamtazama Fathiya usoni, akatabasamu.

"Uko wapi? Umezimia?"

"Nipo. Na tisa?"

"Tisa haina maana bado. Tutaipa siku yake."

Siku hiyo peja ya Yasir ililia mara nne kabla ya magharibi. Saba. Saba. Tatu. Saba.

Karatasi zikatimia kumi na moja katikati ya Novemba. Kura ilikuwa Jumapili. Faksi haikubaliki, lazima karatasi zenyewe zifike. Posta wiki tatu. Kwa hiyo ikawa kama desturi: anayepanda ndege anabeba barua za wenzake. Na aliyekuwa anapanda ndege Jumatano ni Yasir.

"Nipe mie," akasema. "Nitaiweka kifuani kama hirizi."

Jumatatu adhuhuri Fathiya akaenda na bahasha hadi uwanja wa kupakilia mizigo, ambako Yasir alikuwa anapanga kontena lake. Alikuwa amejipamba siku hiyo: mtandio mpya wa zambarau, wanja, mafuta ya waridi nyuma ya masikio. Akafika, Yasir hayupo. Amekwenda kubadilisha hela. Palikuwa na wapakiaji saba wanamkodolea macho, mmoja akasema kitu, wote wakacheka. Aibu ikampanda mpaka utosini. Akachukua kalamu nene mezani, akaandika juu ya bahasha kubwa kwa herufi nzuri, YS DAR, akaiacha juu ya boksi la juu kabisa, akaondoka karibu mbio.

*

Jumanne jioni shangazi yake, Bi Chausiku, alikuwa anachambua mchele.

"Mwanangu, zile karatasi za baba yako umempa nani?"

"Yasir, Shangazi."

Bi Chausiku akaacha mchele. Mwanamke mnene, mpole, aliyejua mambo ya kila kontena lililotoka Guangzhou. "Yasir wa chupa za chai? Wewe hujui?"

"Sijui nini?"

"Yule kashalipia ghala. Yale maghala ya Mitopetope, uwanjani. Kalipa kianzio tangu Agosti. Wamempa namba nne, kona."

Fathiya akachukua sarafu, akashuka ngazi, akaenda kibandani, akatuma moja. Nipigie. Dakika haikuisha, simu ikalia.

"Mpenzi! Nilikuwa nataka kukutafuta. Mbona jana hukuleta bahasha? Mie kesho naondoka."

"Nilileta."

"Hukuleta, Fathiya. Sijaiona."

"Nimeiweka juu ya boksi lako. Kwa mkono wangu."

"Boksi gani? Kontena nimelifunga leo asubuhi, nimepiga sili mlangoni, sikuona bahasha mie."

"Ghala namba nne," Fathiya akasema. Sauti ilikuwa ndogo sana. "Kona."

Upande wa pili kiti kikaburutwa.

"Nilitaka nikwambie," Yasir akasema.

"Lini? Baada ya Jumapili?"

"Nisikilize. Mzigo wangu mwaka jana ulinyeshewa nje bandarini, boksi tisini zikaoza. Nikaambiwa kuna maghala yanajengwa, nikalipa. Nilikuwa sikujui weye! Sikuijua Mitopetope!"

"Na ulipoijua? Umekaa na mimi mwezi mzima, unawashuhudia watu saini, unajua moyo wangu uko wapi. Karatasi zimepotea mkononi kwa mtu anayefaidika zikipotea. Wewe ungekuwa mimi ungesemaje?"

"Ningesema namjua Yasir."

"Mimi simjui," Fathiya akasema, akakata simu. Mama wa machungwa akampa karatasi ya kupangusia macho, hakumdai hata hela ya simu.

*

Asubuhi ya Jumatano, saa moja, Fathiya alikuwa uwanja wa mizigo. Alikuja kupeleka orodha ya maboksi ya shangazi, na kusema kweli, alikuja pia kutazama ile sehemu alipoiweka bahasha, kama ulimi unavyorudi kwenye jino bovu.

Msimamizi wa wapakiaji aliitwa Mzee Chen, mwembamba, sigara nyuma ya sikio. Fathiya akamwonyesha kwa mikono: bahasha, kubwa hivi, hapa juu.

"Meiyou," mzee akasema. Hakuna. Neno hilo Fathiya alilisikia mara hamsini kwa siku. Akageuka aondoke. Mzee Chen akamwita, akafungua daftari lake la kupakilia, akaweka kidole chini kabisa ya ukurasa.

Fathiya hakusoma herufi za Kichina, lakini namba alisoma, na alama alisoma. YS DAR, 212. Na chini yake, kwa mwandiko ule ule nadhifu: YS DAR, 1, na kando pamechorwa bahasha ndogo.

Mzee Chen akaonyesha kontena la Yasir lililokuwa linasubiri lori. Akatabasamu kwa fahari. Kazi safi, hakuna kilichoachwa nje.

Fathiya akaelewa. Ni yeye. Ni mkono wake mwenyewe. Yeye anayepaka alama kila siku ya Mungu, yeye anayejua kwamba kitu chenye alama kinaingia kwenye kontena, kiwe boksi, kiwe ndoo, kiwe paka. Alitaka kuandika jina la mtu, akaandika alama ya mzigo. Na kontena lingefika Dar katikati ya Desemba, mwezi mzima baada ya kura.

Alikimbia. Kutoka pale hadi hoteli ya Yasir ni mwendo wa robo saa, yeye alifika kwa dakika saba, kiatu kimoja mkononi. Yasir alikuwa mapokezi na sanduku lake, macho mekundu.

"Ni mimi," Fathiya akasema, anahema. "Niliandika alama yako. Wameipakia. Imo ndani, daftarini imeandikwa. Ni mimi, Yasir, nikakutukana bure, nisamehe, nisamehe..."

"Vaa kiatu kwanza," Yasir akasema.

Akavaa. Machozi yanadondoka juu ya kiatu.

"Lori linakuja saa ngapi?" Yasir akauliza.

"Saa nne. Lakini sili imeshapigwa. Ukiikata unaanza upya, makaratasi, ukaguzi, kila kitu. Meli itakuacha. Meli inayofuata inafika baada ya Idi, na chupa zako nani atanunua Idi ikishapita?"

"Hilo nalijua kuliko weye."

"Basi usikate. Nimekuja uniseme tu. Nitampigia baba nimweleze kosa langu."

Yasir akampa mapokezi sanduku lake walishike. "Fathiya, mimi sijui kama uwanja wenu ni bora kuliko ghala. Wallahi sijui. Lakini watu kumi na moja wamefunga neno lao kwenye karatasi, nami shahidi nimesema nitalifikisha. Hiyo ni amana. Iko ndani ya mzigo wangu. Nitalalaje?"

Saa mbili na nusu Mzee Chen alileta mkasi mkubwa wa chuma, akamuuliza Yasir kwa macho: kweli? Yasir akaitikia kwa kichwa. Sili ikakatika tak! Mzee Chen akatikisa kichwa kama aliyeona mtu anachoma hela.

Walishusha maboksi Yasir, Fathiya na Mzee Chen, na wapakiaji, na Bi Chausiku aliyekuja na chai akaishia kuvua khanga ya juu na kubeba. Vumbi likaharibu shati jeupe. Mtandio wa zambarau ukafungwa kiunoni. Kwenye boksi la mia na themanini na tatu Fathiya akapiga kelele. Ilikuwa imebanwa kati ya maboksi mawili ya chupa zenye maua mekundu, imekunjika kona moja tu.

"Kumi na moja?" Yasir akauliza.

Akahesabu bahasha ndogo. "Kumi na moja."

"Haya, hirizi yangu." Akaitia ndani ya shati, kifuani, kama alivyosema.

Teksi ya kwenda uwanja wa ndege wa Baiyun ilikuja saa nane mchana. Bi Chausiku akakumbuka ghafla kwamba ana kitu ndani. Wakabaki wawili kando ya barabara, baiskeli zinapita mamia.

"Umenisamehe kweli?" Fathiya akauliza.

"Nilikasirika jana mpaka nikashindwa kula. Halafu nikajiambia, angeambiwa mapema asingeogopa. Kosa nusu langu. Mie nimekata sili, weye umekata pumzi. Tuko sawa."

Fathiya akacheka, kamwanya kakaonekana.

"Nitampelekea baba yako bahasha mwenyewe. Nikishampa," Yasir akasema, sauti imeshuka, "nataka nimwombe jambo. Nimwombe?"

Fathiya akatazama viatu vyake. Maneno yalikuwepo, tena mengi, yamepanga foleni kooni, na hakuna hata moja lililotaka kutangulia. Dereva akapiga honi.

"Mwambie... mwambie asisahau kunywa dawa ya presha."

Yasir akacheka hadi akashika mlango wa teksi. "Nitamwambia, bi mkubwa." Gari likaondoka. Fathiya akabaki pale anajipiga kipaji cha uso kwa kiganja.

*

Jumapili haikuisha. Jumatatu saa tisa alasiri mashine ya faksi ofisini kwa Bi Chausiku ikaanza kukoroma, karatasi ikatoka taratibu, na mwandiko ulikuwa wa Yasir, umelala upande wa kulia.

*Fathiya. Ndiyo 204, Hapana 199. Kabla ya kufungua bahasha ya Guangzhou tulikuwa nyuma kwa kura mbili. Watu wamepiga vigelegele mpaka msimamizi akaziba masikio. Manispaa itakopa, uwanja unabaki.*

*Nilisimama pale jioni. Ni vumbi tu, kama nilivyosema. Watoto wanacheza, kizee mmoja anaanika mpunga, na upande wa mwembeni palikuwa na turubai la msiba. Nimehesabu watu nikaacha. Leo asubuhi nimekwenda kwenye kampuni kudai kianzio changu. Wamekataa kunirudishia. Nimewaachia.*

*Baba yako amekunywa dawa. Nimemwomba lile jambo. Amesema, "Mimi nimetoka kuwauliza watu mia nne kama wanakubali. Wewe unadhani binti yangu sitamuuliza?" Basi nauliza. Kura zote zimehesabiwa, ya kwako bado haijafika.*

*Usinijibu kwa faksi, mashine iko dukani kwa kaka na hapa kila mtu anasoma. Peja yangu nimeiacha inawaka hotelini, juu ya televisheni, chumba nimekilipia. Narudi Jumamosi kupakia upya. Nikifungua mlango nitaangalia hiyo kwanza, hata taa sitawasha. Ile tisa sasa ina maana, ni ndiyo.*

Bi Chausiku alikuwa amesimama nyuma yake muda wote. "Tisa ni nini?" akauliza.

"Bei, Shangazi."

"Bei ya nini inakutoa machozi?"

Fathiya alikuwa ameshafika ngazini.

Kibandani akanyanyua simu. Rangi nyeusi ya asubuhi bado iko kwenye kidole gumba. Msichana wa kituo cha peja akapokea, Fathiya akamtajia namba ya Yasir kwa Kichina chake cha sokoni, moja moja.

"Ujumbe?"

"Jiu," akasema. Tisa.

"Jiu? Tisa tu?"

"Tisa tu." Halafu akasema tena, kwa sauti, mpaka wapita njia wakageuka. "Jiu!"

Akataja na namba ya kibanda, maana ndivyo inavyofanywa, unaacha namba ili mtu akupigie. Akaweka mkono wa simu mahali pake, akakaa kwenye kigoda. Mama wa machungwa akamenya chungwa moja, akampa nusu. Fathiya akala yake, wote wanaitazama simu. Huko hotelini, ghorofa ya tano, ndani ya chumba cha Yasir kilichofungwa, kitu kidogo kilikuwa kinalia juu ya televisheni, bip, bip, bip, na hakuna mtu.

"Hapigi," mama akasema baadaye.

"Najua," Fathiya akasema, akachukua na ile nusu nyingine.